Siku Seva Yetu Ilipomkataa Mgeni

Mjomba wangu haoni vizuri. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, lakini herufi za kwenye skrini zimemtoroka. Kwa hiyo kazi yetu tunaifanya hivi: yeye anakaa kwenye kiti chake cha mbao, macho kayafumba, mikono juu ya magoti, na mimi nakaa kwenye kibodi. Anachosema nakiandika. Mashine ikijibu, namsomea kwa sauti.

Niliacha shule darasa la tano, mama alipoanguka akavunjika nyonga, na Kiingereza sikuwa nacho zaidi ya salamu. Mashine nazo hazikuwa na lugha nyingine. Basi mwanzoni nilimsomea mjomba maneno kama yalivyoandikwa, silabi kwa silabi, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani ugenini. Mashine ikitoa onyo, nilisoma "waningi". Ikitaja kosa, nilisoma "erori". Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakunisahihisha. Aliyachukua maneno hayo hayo, na mpaka leo ndiyo lugha ya karakana yetu.

"Erori ni mtu kakaa katikati ya mlango, hupiti," aliniambia. "Waningi ni jirani anayegunaguna dirishani. Mwache agune. Wewe nisomee erori tu, mama. Waningi waache wapite, la sivyo hatutamaliza kazi hata moja."

Nikazoea. Macho yangu yakajifunza kuwaruka waningi kama miguu inavyoruka dimbwi.

Karakana yetu ni chumba cha nyuma. Chumba cha mbele mama anashona sare za shule, na kati yetu na yeye hakuna mlango, ni pazia tu. Mama ni dada yake mjomba, kamtangulia kuzaliwa, na hilo hamwachi alisahau. Cherehani yake hailali. Anasikia kila tunachosema, na anajibu hata yasiyomhusu. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kimya. Nikiwa na mjomba peke yetu, sauti yangu hutoka vizuri tu. Akiingia mtu mwingine, inarudi ndani kama kichwa cha kobe, na hata nikiulizwa jina langu namtazama mama anijibie.

Zamani, macho yake yakiwa mazima, mjomba alikuwa fundi wa kompyuta za zahanati zote za upande wetu. Zahanati hutumiana majibu ya vipimo kwa barua pepe, na barua hizo hupita kwenye seva, mashine ambayo kazi yake ni kupokea barua na kuzifikisha zinakokwenda. Ili mtu wa njiani asizisome, barua hufungwa kwa kufuli. Si kufuli la chuma, ni hesabu. Hesabu hizo zikikusanywa mahali pamoja, mafundi huziita maktaba, ingawa hamna kitabu hata kimoja. Programu ya barua yenyewe haijui kufunga chochote. Inaazima kwenye maktaba, kama mama anavyoazima pasi kwa jirani.

Makufuli ya zamani yalikuwa yamechoka. Kuna msichana ambaye majibu yake yalisomwa na watu wa pembeni kabla yeye mwenyewe hajayajua. Alihama mtaa. Mjomba aliposikia, chakula hakikumpita kooni. Ndipo alipoanza kutengeneza maktaba yake mwenyewe, ndogo, nyepesi, ya kubebwa na mashine chovu za zahanati, na makufuli ya zamani yote akayatupa nje. Macho yalianza kumwacha kazi ikiwa katikati. Sehemu iliyobaki alinitamkia, nami nikaandika. Kwa hiyo maktaba ile kichwa chake ni mjomba, lakini vidole vyake vya mwisho ni vyangu.

Daktari Mkuu wa zahanati alimvumilia sana. Ni mama mmoja mrefu, mpole, lakini akisema jambo amesema. Alikuja akamwambia, "Fundi, nakuheshimu. Lakini siwezi kuendelea kungoja. Nijengee seva inayotumia kufuli lako, niione ikifanya kazi. Nikija Ijumaa haijawa tayari, tunachukua ya kununua, na hii..." Hakumalizia.

Alipoondoka, mjomba alirudi kwenye kiti chake. Kisha akasema, "Na hii itabaki kuwa hadithi ya kipofu aliyedhani anajenga kitu."

Nilitaka kumwambia sivyo. Nilimshika mkono tu.

Ijumaa asubuhi tukaanza kuijenga programu ya barua, au kuikompaili, kama asemavyo kijana wa kompyuta wa kwa Daktari. Programu ya barua imeandikwa na watu wengi wa mbali, kwa maandishi marefu ambayo mashine haiwezi kuyatenda yalivyo. Lazima yageuzwe kwanza, na katika kugeuzwa huko ndipo yanapounganishwa na maktaba. Kuna hatua ya mwanzo ambapo mashine inazunguka chumba kwa chumba ndani yake yenyewe ikiulizia: kipo hiki? Kipo kile? Nilimsomea mjomba, "Kipo. Kipo. Kipo." Waningi wakapita, nami nikawaruka. Kisha ujenzi ukaanza, mistari ikawa inamwagika skrini nzima, na mwisho ikasimama.

"Erori ngapi?" mjomba akauliza.

"Hakuna, mjomba."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

Akafumbua macho, kana kwamba angeweza kuiona. "Haa! Dada! Umesikia huko? Imejengwa kwa pigo moja!"

"Nimesikia," mama akajibu toka nyuma ya pazia. "Na kinywa funga, inzi wataingia."

Daktari alifika jua likiwa limeshapanda, pamoja na yule kijana. Tunamwita Tai, kwa sababu hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa hukosi kumkuta na tai shingoni. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba akiona kitu cha dukani kikiwa na kibandiko anakiamini mara moja.

"Shikamoo, fundi," alisema.

"Marahaba. Umekuja na tai?"

"Nimekuja nayo."

"Vizuri. Nilidhani nimeisikia ikiingia kabla yako."

Daktari alicheka. Tai naye akacheka, kisha akauliza lile alilokuwa amelibeba moyoni siku nyingi. "Lakini fundi, usikasirike. Kwa nini mtu atunge kufuli lake nyumbani? Si hatari hiyo?"

"Kutunga ni hatari, ndiyo," mjomba akasema. "Mimi sijatunga. Hesabu ni zile zile wanazotumia walimwengu wote, zimepigwa msasa na watu kwa miaka. Mimi ni kama dada yangu hapo mbele. Kitambaa hafumi yeye. Yeye anakata na kushona kimkae mwenyewe. Mashine zenu zile zimekonda, nguo za dukani zinaziburura chini."

"Usinitie kwenye mambo yenu," mama akasema.

Tulikuwa na mashine mbili zenye programu tuliyoijenga asubuhi ile, moja ikiwa seva, nyingine ikijifanya zahanati. Nilituma barua. Ikafika. Tai akainama akatazama, akasema, "Imefika, na imefungwa!" Daktari akapiga makofi. Mjomba alisimama, na uso wake sijui niuelezeje. Ulikuwa kama nyumba iliyofunguliwa madirisha yote kwa mpigo. Sikuwa nimeuona hivyo tangu macho yaharibike.

"Basi, fundi, umeshinda," Daktari akasema. "Jumatatu tunaanza kuziweka. Mimi sina budi kukimbia, nangojwa." Akaanza kuvaa viatu mlangoni.

Sasa, mjomba ana kanuni moja ambayo hatuivunji. Anasema mlango haupimwi kwa kumfungulia mwenyeji, unapimwa kwa kumkataa mgeni. Kwa ajili hiyo tunayo kompyuta moja kuukuu, pembeni, chini ya dirisha, inayojua makufuli ya zamani tu. Jina lake ni Mgeni. Kila tunachokijenga lazima Mgeni akibishie hodi, na lazima akataliwe. Siku ile kwa shangwe hakuna aliyemkumbuka. Mimi nilimkumbuka. Wao wakiwa wanaagana, nikamwasha Mgeni, nikamwambia atume barua.

Seva ikamkaribisha.

Ilimpokea vizuri kabisa, kwa kufuli la zamani, lile lile lililomhamisha mtaa yule msichana. Nilitazama mstari ule mpaka macho yakaniwasha. Maana yake ilikuwa moja tu. Maktaba ya mjomba haikuwemo. Seva yetu ilikuwa imeazima maktaba nyingine, ile inayokuja na mashine toka kiwandani, na kila tulichokishangilia kilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Nyuma yangu mjomba alikuwa anacheka. Daktari alikuwa amevaa kiatu kimoja. Ningemzima Mgeni, yangekwisha. Daktari angeondoka na furaha yake, mjomba angelala na uso ule, Tai angeziweka seva kwenye zahanati zote, na hakuna ambaye angejua. Barua zingefika. Zingefika kwa kila mtu.

Nikafungua mdomo, na kobe akarudi ndani. Nikaufungua tena.

"Daktari, usiende."

Ilitoka ndogo sana. Lakini cherehani ya mama ikasimama, na kwa sababu ilisimama, wote wakanigeukia.

"Mgeni kakaribishwa," nikasema.

Daktari hakuelewa, wala Tai. Mjomba alielewa. Nilimwona akitafuta kiti kwa mkono wa nyuma, akakaa polepole. Madirisha yote ya uso wake yakafungwa.

"Kwa kufuli gani?" akauliza.

"La zamani, mjomba."

"Una hakika?"

"Nimemsoma mara mbili."

Tai akaja akainama pembeni yangu, akasoma mwenyewe. "Ni kweli," akasema taratibu. "Daktari, barua ile iliyofika... haikufungwa na maktaba ya fundi. Na mimi nilipiga kelele kwamba imefungwa." Alilegeza tai yake. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Daktari alibaki amesimama na kiatu kimoja. Alimtazama mjomba, akanitazama mimi. Nikainamisha uso, nikijua kinachofuata ni neno la kununua. Badala yake akaniuliza, "Unaweza kujua kwa nini?"

Nilitazama pazia. Mama hakunijibia.

"Naweza," nikasema. "Ukinisubiri."

"Nitapiga simu waanze bila mimi. Lakini sitasubiri mpaka jioni, binti." Akavua kiatu.

Nikairudia hatua ile ya mwanzo, ile ya kuulizia vilivyopo. "Mjomba," nikasema, "safari hii nitakusomea kila mtu. Waningi pia."

"Soma."

Nikasoma. Niliposema "waningi" mara ya kwanza, Tai akacheka puani, na sauti yangu ikakatika. Akaona alichofanya. "Samahani, dada," akasema haraka. "Endelea. Huyo waningi anasema nini?" Na alilitamka kama sisi, bila mzaha, basi nikaendelea. Waningi wa kwanza aliguna juu ya tarehe. Wa pili aliguna juu ya kitu ambacho hatukitumii. Wa tatu nilimsoma nusu, nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" mjomba akauliza.

"Anasema maktaba yetu hakuiona pale alipoambiwa aitafute. Anasema basi anatumia ya mashine."

Nilijua pale pale kosa lilikuwa wapi. Wiki ile mjomba aliniambia niihamishe maktaba iliyokamilika, niiweke kwenye folda mpya, isichanganyike na ile ya majaribio. Niliihamisha. Lakini kwenye amri ya ujenzi niliacha njia ya folda ya zamani, na ile ya zamani nilikwisha kuifuta. Mashine ikaenda, ikakuta patupu. Ikatuambia. Na nyumba nzima hii ilikuwa imejifunza kutowasikiliza waningi.

"Mimi ndiye niliyekwambia uwaache wapite," mjomba akasema.

"Na mimi ndiye sikubadilisha njia."

"Basi tumekosa kwa ushirika," akasema. "Badilisha."

Nikaandika njia mpya, na safari hii nikaiambia mashine kwamba isipoiona maktaba yetu isimame hapo hapo, isiende kuazima kwingine. Tukaanza kujenga upya. Mama alileta chai, akampa Daktari kikombe kizuri, na Tai kile chenye mkono uliokatika. Mistari ikamwagika. Halafu ikasimama ghafla, na skrini ikajaa.

"Erori," nikasema. "Erori nyingi, mjomba. Zimejaa mpaka chini."

Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja. "Zisome!"

"Programu inaitafuta hesabu ya kufuli la zamani, haioni. Inatafuta nyingine, haioni. Na hii pia haioni..."

"Haioni!" Mjomba alikuwa amesimama tena. "Dada! Hazioni!"

"Huyu naye amepata homa," mama akasema.

Daktari akamtazama Tai kwa wasiwasi. Tai alikuwa anatabasamu. "Daktari, hizi ni habari njema," akasema. "Asubuhi haikuwa na kosa hata moja kwa sababu ilikuwa imeazima maktaba yenye kila takataka. Sasa iko kwenye maktaba ya fundi, inaulizia makufuli mabovu, na kwa fundi hayapo."

"Asubuhi ilipita kwa pigo moja," mjomba akasema, "na mimi mjinga nikashangilia. Kitu changu tangu lini kikapita kwa pigo moja?" Kisha akanigeukia, akasema neno ambalo hakuwahi kuniambia. Siku zote huniambia andika hivi, futa pale. Siku ile alisema, "Tufanyeje, mama?"

Nilijua. Sijui nilijua tangu lini, lakini nilijua. Nimeisoma programu ile kwa sauti miezi mingi hivi kwamba nikifumba macho naona kila kitu kilipo, kama jikoni kwetu. "Kuna faili inayoorodhesha makufuli yote ambayo programu inayajua," nikasema. "Humo ndani kila kufuli lina mlango wake wa kuingilia kwenye maktaba. Tusiidanganye programu kwa kuiwekea makufuli bandia. Tuifunge milango ile ya zamani yote, libaki letu peke yake. Asiyelijua asipite."

"Na zahanati ambazo bado zina mashine za zamani?" Tai akauliza. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Zitakataliwa," nikasema. "Mpaka mpite mkaziwekee mpya. Bora barua ichelewe."

Daktari akaweka kikombe chini. "Bora ichelewe," akasema. "Endelea."

Nilifunga milango ile mmoja mmoja, nikimsomea mjomba kila mstari kabla ya kuufunga, naye akiitikia "ehe" kwa kila mmoja. Mara moja tu alisema "ngoja", akafikiri, kisha akasema "ehe, funga". Tukajenga. Erori zikapungua. Nikafunga miwili niliyoisahau. Tukajenga tena, na mistari ikashuka, ikashuka, ikafika mwisho.

"Waningi?" mjomba akauliza.

"Wawili. Wote wa tarehe."

"Wasalimie."

Nilituma kwanza barua kutoka mashine ya zahanati, ambayo nayo tulikuwa tumeijengea programu upya. Ikafika. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanatazama chini ya dirisha, hata mjomba, aliyekuwa anatazama kwa masikio.

Nikamwambia Mgeni abishe hodi.

Alikawia. Mashine ile ni nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha mstari mmoja ukatokea, mfupi, na mwingine chini yake. Tai aliuona, akavuta pumzi. Alisogea pembeni, akaniachia.

"Nisomee, mama," mjomba akasema.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, siku zote husoma nimekaa. Nikasoma, na sikusoma silabi kwa silabi. Nilisoma kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikujua ninayo.

"Umekataliwa! Kufuli lako halijulikani hapa. Mlango umefungwa!"

Chumba cha mbele cherehani ikasimama. "Nani huyo anapiga kelele nyumbani kwangu?" mama akaita.

"Kimya!" mjomba akajibu. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, hakujisumbua kuyafuta. "Ni Kimya, dada!"

Pazia likafunuliwa. Mama akasimama pale, futi ya kitambaa shingoni, pini mbili midomoni. Alitazama skrini ambayo hajui kuisoma, akamtazama ndugu yake, akanitazama mimi niliyesimama. Akatoa pini mdomoni.

"Basi rudia," akasema. "Mara ya kwanza nilikuwa nashona."

Nikarudia.